Haki Isiishie Ufukoni mwa Ziwa Nyasa



Watu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi hawahitaji kufundishwa habari za Ziwa Nyasa. Wanajua kwamba mwera ukitulia, mtumbwi wa mashine hufika ng'ambo. Dagaa huvuka, mahindi huvuka, vitenge huvuka. Bwana harusi huvuka na mahari yake. Deni nalo huvuka, na baba aliyekimbia kumlea mwanawe huvuka. Kitu kimoja tu kikifika ufukoni husimama: samansi ya mahakama.

Jambo hili huenda likaonekana dogo kwa mtu akaaye mbali na ziwa. Kwetu si dogo. Haki ambayo mtu aweza kuikimbia kwa nauli ya mtumbwi si haki kamili. Nayo serikali ambayo mkono wake wa sheria huishia penye maji, wakati mkono wa mdanganyifu haukomi hapo, haijamaliza kazi yake ya kuwalinda wananchi. Ndiyo sababu naandika leo juu ya kusaidiana kwa mahakama za nchi mbalimbali, yaani kupelekeana hati na kukusanyiana ushahidi.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kama kilometa 67, na siku hizi ni lami. Kutoka Mbamba Bay kukata maji mpaka Nkhata Bay, upande wa Malawi, haifiki kilometa 70. Kwa mtu wa Mbamba Bay, Nkhata Bay ni karibu kuliko Songea anakokaa Jaji wa Mahakama Kuu. Lakini samansi ya Mbinga iliyokusudiwa mtu wa Nkhata Bay, ikifuata njia ya zamani ya kibalozi, hupanda kwanza Songea, ikaenda Dodoma, ikapita Wizara ya Mambo ya Nje, ikapelekwa kwa Balozi wetu Lilongwe, ikaingia wizara ya wenzetu, ikateremshwa Mahakama Kuu ya Malawi kule Blantyre, ndipo igeuke tena kaskazini kumtafuta mtu wake kando ya ziwa. Akisha kupewa, karatasi ya kuthibitisha kwamba amepokea hurudi kwa njia ile ile. Kila meza ina mhuri wake, na kila mhuri una siku zake. Mama aliyeshitaki akiwa na mtoto mgongoni aweza kulipata jibu mtoto akiwa darasani.

Mtu atauliza: kwa nini tarishi wa mahakama yetu asipande mtumbwi akampe mdaiwa samansi mkononi, akarudi jioni? Swali hili ni la haki, na jibu lake lapasa kueleweka vizuri. Samansi si barua ya salamu. Ni amri ya dola. Anayeipeleka hupeleka nguvu ya serikali nzima, na nguvu hiyo haina ruhusa ya kutembea katika nchi ya watu bila idhini yao. Je, sisi tungekubali askari wa Lilongwe ashuke Liuli asubuhi, aingie nyumba ya mvuvi wetu, amwamuru aende shaurini Blantyre? La hasha. Tungesema huyu ameingia bila hodi. Basi tusilolikubali kwetu tusilitende kwa jirani. Mwenye kuheshimu uhuru wake huheshimu na wa mwenziwe.

Lakini hodi, ndugu zangu, haikuwekwa ili watu wasitembeleane. Iliwekwa ili watembeleane kwa heshima. Mgeni abishaye hodi hungoja, mwenyeji hujibu karibu, na mazungumzo huanza. Sheria ya mataifa nayo ina hodi yake: mahakama ya huku huiandikia mahakama ya kule barua ya maombi, ikisema, twakuomba umkabidhi fulani hati hii, au umwapishe fulani umuulize maswali haya, nasi siku ukihitaji tutakufanyia vivyo hivyo. Mahakama ya kule hutumia matarishi wake, hakimu wake na sheria zake. Hakuna aliyevuka mpaka ila karatasi.

Hapo tujiulize: je, sisi twayo hodi hiyo? Jibu ni kwamba kwa mambo ya jinai tunayo, na kwa mambo ya madai tunayo nusu tu.

Kwa upande wa jinai, Bunge letu lilitunga mwaka 1991 Sheria ya Kusaidiana katika Mashauri ya Jinai. Sheria hiyo humpa Mwanasheria Mkuu wa Serikali uwezo wa kuomba na kuombwa: ushahidi uchukuliwe, mahali pakaguliwe, shahidi akubaliwe kusafiri, mali iliyotokana na uhalifu ifuatwe. Baadaye nchi za SADC zilitia sahihi Itifaki ya Kusaidiana katika Mashauri ya Jinai kule Luanda tarehe 3 Oktoba 2002, nayo ikaanza kutumika mwaka 2007. Malawi na Msumbiji, majirani zetu wawili wa ziwa, ni wanachama wa SADC kama sisi.

Kwamba kusaidiana kwa namna hii kuna faida, sisi Watanzania tumeiona kwa macho. Wote twakumbuka ile rada iliyouzwa kwa serikali yetu na kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa paundi milioni 28. Ofisi ya Uingereza ya kuchunguza udanganyifu mkubwa iliingia kazini, na TAKUKURU nayo ikachunguza huku nyumbani. Tarehe 21 Desemba 2010, mahakama ya Southwark mjini London ilitoza kampuni hiyo faini ya paundi 500,000 kwa kosa la kutokuweka hesabu zake sawasawa, na kampuni ikawa imekubali kulipa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mimi niliyepita chuo cha ualimu najua maana ya kitabu kimoja kusomwa na watoto watano. Karatasi za hesabu zilizokuwa zimefungiwa Ulaya zilifunguliwa, na mwisho wake ukawa vitabu mikononi mwa watoto wetu.

Tena nchi yetu yenyewe imepata kuwa mwenyeji wa kazi hii kwa ukubwa ambao mataifa machache yameuona. Mahakama ya Umoja wa Mataifa juu ya mauaji ya Rwanda ilifanya kazi Arusha mpaka mwisho wa mwaka 2015. Maelfu ya mashahidi walisikilizwa, wengi wao wakitoka nje ya mipaka yetu. Washitakiwa walikamatwa katika nchi mbalimbali, na kila dola ilipaswa kusaidia. Hakuna basi awezaye kutuambia kwamba ushahidi kuvuka mpaka ni jambo la ajabu lisilowezekana Afrika.

Lakini tazameni tofauti. Rada ilipata msaada wa London. Mauaji ya Rwanda yalipata msaada wa dunia. Deni la mashine ya mtumbwi, matunzo ya mtoto, urithi wa shamba la kahawa huko Mbinga ambalo mrithi mmoja amehamia Malawi, haya hupata msaada wa nani? Hayo si jinai. Ni madai. Na madai ndiyo mashauri ya mtu mdogo.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966 haikusahau kabisa. Imeruhusu hati kupelekwa kwa mdaiwa akaaye nje ya nchi, na imeruhusu mahakama kumteua mtu wa kwenda kuchukua ushahidi, au kuandika barua ya maombi kwa mahakama ya ugenini. Uwezo wa kuomba upo basi. Kinachokosekana ni mapatano yanayomfunga mwenzako kujibu, ofisi maalumu ya kupokea, na muda unaojulikana. Kuomba bila mapatano ni kubisha hodi usiku wa mvua: huenda ukasikiwa, huenda usisikiwe.

Ndipo mdai maskini huambiwa aombe ruhusa ya kutangaza samansi gazetini. Gazeti la Dar es Salaam litamfikiaje mtu wa Nkhata Bay? Siku ya shauri mdaiwa hayupo, hukumu hutolewa ya upande mmoja, na mdai hutoka akishangilia. Akiipeleka hukumu hiyo Malawi ili mali ya mdaiwa ikamatwe, jambo la kwanza atakaloulizwa ni hili: je, mdaiwa alipewa habari mapema ili ajitetee? Kama hakupewa, hukumu ile ni karatasi ya kufungia karanga. Mdai amepoteza nauli, ada na miaka yake.

Sasa dawa. Tarehe 15 Novemba 1965, mjini The Hague huko Uholanzi, ulifanywa Mkataba wa kupelekeana hati za mahakama katika mambo ya madai na biashara. Zaidi ya nchi 80 zimeingia. Malawi imo tangu mwaka 1972. Botswana imo, Shelisheli imo, India na China zimo. Tanzania haimo.

Fikirini jambo hilo, ndugu. Jirani yetu wa ng'ambo ameuacha mlango wazi kwa nusu karne na zaidi, sisi hatujaingia, na bado twalalamika kwamba watu wetu hawasikilizwi.

Mkataba huo ni rahisi kueleza hata katika mkutano wa tawi. Kila nchi huchagua ofisi moja ya kupokea maombi. Malawi imemweka Msajili wa Mahakama yake Kuu. Mahakama ya nchi nyingine hujaza fomu moja na kuipeleka moja kwa moja kwenye ofisi hiyo, pasipo kuzunguka kwa mabalozi. Ofisi humpelekea mdaiwa hati kwa sheria za nchi yake, kisha hurudisha cheti kinachosema hati imepokewa lini, wapi na nani, au kwa nini haikupokewa. Ada ya serikali kwa kazi hiyo haitozwi, ila gharama ya tarishi au ya namna ya pekee iliyoombwa. Yaani ile safari ya Songea, Dodoma, Lilongwe na Blantyre yafupishwa kuwa bahasha moja kwenda na cheti kimoja kurudi.

Ushahidi nao una mkataba wake, wa tarehe 18 Machi 1970, ambao nchi yetu haimo pia. Huu ni wa lazima kwa sababu hii: Hakimu wa Mbinga hana uwezo wa kumlazimisha shahidi wa Likoma kusema. Akikataa, hakimu wetu hawezi kumtia adabu, na akisema uongo ni vigumu kumshika. Mahakama ya kwao ndiyo yenye uwezo huo. Kwa mkataba, hakimu wa huku huandika maswali, hakimu wa kule humwita shahidi, humwapisha, huandika majibu na kuyarudisha. Ni kweli kanuni zetu za mwaka 2021 zimeruhusu mashauri kusikilizwa kwa njia ya video, na hilo ni jambo jema sana. Lakini kioo cha video hakimleti shahidi asiyetaka kuja. Kumleta kwahitaji amri ya hakimu wake.

Na ushahidi wa ziwa hili umetawanyika kweli kweli. Wamisheni wa UMCA waliweka makao yao makuu kisiwani Likoma, wakajenga kanisa kuu lililoanzwa mwaka 1903, na meli yao Chauncy Maples ikahudumia pande zote za ziwa. Liuli ilikuwa kituo chao, na Arkidikoni Johnson alizikwa hapo mwaka 1928. Leo Likoma iko Malawi, ingawa imekaa karibu na ufuko wa Msumbiji, na Liuli iko Tanzania. Koo za Wanyasa zimegawanyika katika dola tatu. Kizazi kizima cha vijana wa Ruvuma kilikwenda kutafuta kazi kusini, wengine hawakurudi. Ukitaka kuthibitisha nani alimwoa nani, nani alizaliwa lini, nani alimwachia nani shamba, mara nyingi mzee ajuaye anakaa upande mwingine wa maji.

Wapo watakaosema: hii ni mitego ya wageni. Tukiingia, matajiri wa nje watawashitaki watu wetu huko kwao. Nawajibu kwamba hata leo wanaweza kuwashitaki, tena bila watu wetu kujua. Mkataba ndio unaomlinda mdaiwa. Umeandika kwamba hakimu asitoe hukumu dhidi ya mtu asiyefika mpaka ithibitike kwamba hati ilimfikia kwa wakati wa kutosha kujitetea. Hata nchi iliyojiwekea ruhusa ya kuamua bila cheti, hairuhusiwi kabla ya miezi sita kupita tangu hati ilipopelekwa. Mvuvi wa Lituhi aliyeshitakiwa Blantyre atapata habari. Leo hana uhakika huo.

Wengine watasema uhuru wetu utapunguzwa. Mkataba wasema wazi kwamba nchi yaweza kukataa ombi lolote inaloona ladhuru uhuru au usalama wake. Pia yaweza kukataa hati za nje zisipelekwe kwa watu wake kwa posta tu. Tena yaweza kudai hati ziandikwe au zifasiriwe katika lugha yake rasmi. Hapo tuna silaha nzuri mkononi: tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na mwaka 2019 SADC ilikikubali Kiswahili kuwa moja ya lugha zake rasmi. Tuingie tukiwa na sharti hilo, ili mama wa Mbinga asipewe karatasi ya Kiingereza asiyoielewa. Huko ndiko kulinda uhuru. Kukaa nje ya mlango si kuulinda.

Limebaki neno la mpaka. Wajerumani na Waingereza waligawana nchi hizi kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, na kutoka hapo Malawi imeshika kwamba ziwa lote mpaka ufuko wetu ni lake. Sisi tumeshika kwamba mpaka ni katikati ya maji. Mwalimu Nyerere na Dakta Banda walibishana juu yake mwaka 1967, ubishi ukafufuka mwaka 2012, wazee wa SADC wakiongozwa na Rais mstaafu Chissano wakaombwa kusuluhisha, na hadi leo haujamalizwa. Msimamo wetu ni wa haki: hata Mreno alipatana na Mwingereza mwaka 1954 mpaka uwe katikati ya maji upande wa Msumbiji. Lakini ubishi wa mpaka usiwe kisingizio cha kuacha mama adhulumiwe. Kupelekeana samansi hakuamui mpaka. Hati hukabidhiwa mtu nyumbani kwake nchi kavu, na hakuna anayebishia Nkhata Bay ni ya nani wala Liuli ni ya nani.

Mambo haya yana haraka. Mwaka 2004 Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zambia zilitia sahihi mapatano ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, ambao mwisho wake wa magharibi kwetu ni Mbamba Bay. Barabara imefika. Bandari inajengwa. Makaa ya mawe ya Ngaka, kahawa ya Umatengo na mizigo ya majirani itapita hapa. Mizigo ikiongezeka, madeni yataongezeka, na madeni yakiongezeka, mashauri yataongezeka. Tumepatana juu ya lami na gati, hatujapatana juu ya samansi. Mfanyabiashara mkubwa atajiwekea mawakili. Mchuuzi wa dagaa atajiwekea nani?

Basi nasema hivi. Serikali ilete Bungeni maazimio ya kujiunga na mikataba hiyo miwili, kwa kuwa Ibara ya 63 ya Katiba yetu yalipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba. Pamoja na hayo tuwashauri wenzetu wa SADC tufanye itifaki ya mambo ya madai kama ile ya jinai, maana Msumbiji nayo ni jirani, na mahakama zake zafanya kazi kwa Kireno. Mahakama Kuu Songea ipewe karani mmoja anayejua kazi hii, mwananchi ajue mlango wa kugonga.

Nanyi makatibu wa matawi, kutoka Lituhi mpaka Mbamba Bay na juu mpaka Mbinga, msingoje. Andikeni katika daftari mashauri yaliyokwama kwa sababu mdaiwa au shahidi yuko ng'ambo: mangapi ni ya matunzo ya watoto, mangapi ya madeni, mangapi ya urithi, na yamekwama tangu lini. Msiandike majina ya watu, idadi yatosha. Mpeni mbunge wenu orodha hiyo kabla ya mjadala wa bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria, mkamwulize akirudi alijibiwa nini. Malalamiko ya mdomo husahauliwa, lakini hesabu iliyoandikwa humfanya waziri asimame ajibu.

Mwaka 1890 watu wa Berlin na London walipiga mstari katika maji haya bila kumwuliza mvuvi hata mmoja. Siku ile hatukuwa na kalamu. Leo tunayo, na kazi tunayoidai haihitaji vita wala fedha nyingi. Yahitaji sahihi, ofisi moja na karani mmoja. Mama wa Liuli anangoja.